Omba kuuona huo waraka, na uombe kwa maandishi

Ndugu mleta mada, umesema kibali chako kimekwama kwa sababu ya "maelekezo mapya", na ulipotaka kuyaona ukajibiwa ni ya ndani. Yalinikuta.

Nina duka la vyombo Kariakoo. Ofisi moja hapa Dar ilikataa maombi yangu mpaka nilete mkataba wa pango wa miaka miwili. Kanuni nilishazisoma, sharti hilo halimo. Afisa akasema kuna waraka, yaani maelekezo ya ndani wanayoandikiwa maafisa. Nilirudi mara nne, na kila aliyekaa dirishani alikuwa na lake: huyu miaka miwili, yule mmoja. Nikagundua waraka wenyewe hawajausoma, wanaambiana kwa mdomo tu.

Nikaandika barua kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, nikaomba nakala ya waraka, namba yake na tarehe yake. Usiombe "ufafanuzi", maana utapewa ufafanuzi, waraka hutauona. Peleka masjala nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa uondoke nayo. Sheria inawapa siku 30, na bila mhuri huna pa kuanzia kuhesabu. Mimi nilipigiwa simu siku ya 26. Waraka ulikuwa wa kurasa mbili, na sharti la mkataba liliwahusu wanaohamisha biashara. Mimi sijahama popote! Kibali kilitoka wiki hiyohiyo.

Sipingi nyaraka kuwepo. Sheria haiwezi kutaja kila jambo, na afisa anahitaji mwongozo ili watu wawili wenye shida moja wapate jibu moja. Ila kanuni hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, waraka hukaa kwenye faili, na pale dirishani vyote viwili vinakuzuia sawasawa. Kama unatumika kwa mwananchi, ubandikwe ubaoni na uwekwe kwenye tovuti, kwa Kiswahili, na ukifutwa iandikwe umefutwa.

Tena hilo liandikwe kwenye sheria. Marekani, Oktoba 2019, Rais Trump aliamuru kila taasisi iweke miongozo yake inayotumika mahali pamoja mtandaoni, mtu aweze kuitafuta. Januari 2021 Biden akaifuta amri hiyo. Agizo la kiongozi huondoka na kiongozi.

Barua yangu bado ninayo. Nitaondoa jina la ofisi niiweke hapa jioni, uige mpangilio wake.