Waya wa plagi mbili niliukata kwa koleo

Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nawasha nyumba kwa waya wenye plagi huku na huku: kichwa kimoja kwenye jenereta, kingine kwenye soketi ya sebuleni. Nashusha meinswichi, nachomeka, navuta kamba ya jenereta, taa zinawaka, najiona fundi. Usiku mmoja mwanangu akajikwaa kwenye ule waya. Plagi ikachomoka ukutani ikalala sakafuni, pini zikitazama juu, jenereta bado inanguruma nje. Pini zile zilikuwa na volti 230, naye kainama aiokote. Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka. Kesho yake niliukata waya vipande vipande.

Hatari nyingine sikuwa hata naiona. Ukisahau kushusha meinswichi mara moja tu, umeme wako unarudi kwenye nguzo. Transfoma haichagui upande: inayoshusha umeme kuja kwako itaupandisha ukienda kinyume, hadi maelfu ya volti. Mara nyingi mzigo wa majirani utailemea jenereta ndogo izime, lakini laini ikiwa imekatika jirani na kwako, hakuna cha kuilemea. Fundi aliyepanda nguzo akiamini laini imekufa ndiye atakayeupata.

Dawa yake ni swichi ya chenjiova. Mpini wake una nafasi tatu: umeme wa nguzo, sifuri katikati, jenereta. Huwezi kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kupita sifuri, kwa hiyo umeme wa pande mbili haukutani hata ukiwa na usingizi. Chagua inayokata waya wa moto na nyutro, ule wa kurudisha umeme, kwa pamoja. Nje ukutani fundi alinifungia soketi ya kupokea umeme: pini ziko ukutani ndani ya kikombe chake, matundu yako kwenye waya unaotoka kwa jenereta. Waya ukichomoka, hakuna pini yenye moto inayobaki wazi. Kazi hii mpe fundi umeme mwenye leseni. Mimi nilishika tochi tu.

Alipouliza jenereta ina nguvu gani nikajibu kwa majivuno, "kVA 2.5." Akacheka. Kwa hesabu yake hiyo ni kama wati 2,000 hivi, na birika moja la umeme linaweza kuzimaliza zote. Friji ikishatulia hula kidogo, ila inapoanza huvuta mara kadhaa ya hapo. Basi tukatenga taa, friji na soketi mbili kwenye kisanduku chao. Pasi na birika vikabaki upande wa nguzo.

Muulize fundi pia habari ya ethi, waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Jenereta nyingi ndogo nyutro yake haijaunganishwa na bodi la chuma la jenereta yenyewe, na hapo RCD, ile swichi inayokata umeme mtu akipigwa shoti, inaweza isishtuke kabisa. Aipime kwa kipimo, jenereta ikiwa inafanya kazi.

Kama hela ya fundi bado, tumia ekstensheni nzito kutoka kwenye jenereta moja kwa moja hadi kwenye friji. Ifungue yote, maana ikibaki imeviringwa hupata moto hadi kuyeyuka.

Moshi nao usiufanyie mzaha. Kaboni monoksaidi haina harufu. Jenereta ikae angalau mita 6 kutoka milangoni na madirishani, bomba likielekea mbali na nyumba. Barazani hapana, gereji hapana hata mlango ukiwa wazi. Petroli ongeza ikiwa imezimwa na imepoa.

Kuwasha: zima kila kitu, washa jenereta, iache dakika mbili tatu itulie, ndipo ugeuze mpini. Friji iwe ya kwanza, taa zifuate. Nimebandika karatasi ya mpangilio huo ndani ya mlango wa kisanduku, kwani umeme hupenda kukatika siku ambayo sipo.