Macbeth hakulogwa

Unauliza kama wale wachawi watatu wa tamthilia ya Shakespeare, Macbeth, ndio wa kulaumiwa kwa kifo cha Mfalme Duncan, anayeuawa na Macbeth. Mimi nasema hapana. Wanamtabiria Macbeth ufalme, basi. Hakuna hata mmoja wao anayemwambia aue. Wazo hilo ni lake, na mkewe analichochea. Mwangalie baharia mmoja anayetajwa na wachawi hao: mchawi anajigamba atamtesa kwa dhoruba, ila anakiri hawezi kuizamisha meli yake. Hatari yao ni mafumbo. Katika sehemu ya 4 Macbeth anawafuata kwa miguu yake, mzuka wanaomwitia unamwambia hadhuriwi na aliyezaliwa na mwanamke, naye anavimba kichwa. Kumbe Macduff, adui yake anayemuua mwishoni, alitolewa tumboni kwa kupasuliwa! Lakini watazamaji wa London wa wakati huo hawakuuona uchawi huu kuwa maigizo tu. Mfalme James mwenyewe, aliyewatawala, alishatoa kitabu kuhusu uchawi, 1597.