Kabla greda haijaingia, zungukeni eneo la shule kwa miguu

Mkuu, umeuliza kama mumruhusu mkandarasi asafishe ekari zote nane za shule yenu mpya, halafu mpande miashoki na maua. Msikubali. Nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi wa shule ya msingi huku Dodoma, na kosa hilo tulilifanya.

Tulikuwa na mikwaju mitatu na mbuyu mmoja. Greda iliangusha mikwaju miwili asubuhi moja, kwa kuwa hakuna aliyemwambia dereva iachwe. Wa tatu tuliuokoa, kumbe tunauua taratibu. Mafundi walimwaga kifusi cha msingi kuuzunguka mpaka usawa wa kiuno, na hapohapo kando wakawa wanakorogea zege. Mizizi inayolisha mti haiko chini sana. Mingi iko kwenye udongo wa juu, nayo hutambaa kupita mwisho wa kivuli. Inahitaji hewa. Ukiirundikia kifusi, umeiziba pumzi. Mwaka wa kwanza majani yalichipua machache, wa pili matawi ya juu yakawa kuni. Nilikuwa napita pale kila siku na sikusema neno. Inaniuma mpaka leo, maana mkwaju wa mbegu huchukua miaka saba au zaidi ndipo uanze kuzaa, na kivuli cha maana husubiriwa zaidi ya hapo.

Hasara ya pili ilikuwa maji. Mvua za huku ni chache ila huja kwa kishindo, kati ya Desemba na Aprili. Uwanja ulikuwa umeparuliwa, na bado kila asubuhi watoto walifagia kwa chelewa mpaka ardhi iwe nyeupe, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa usafi. Msimu wa pili, kwenye kona ya darasa lililo chini kabisa ya mteremko, maji yalikuwa yamekula udongo na mawe ya msingi yalikuwa nje. Unaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

Tukaamua kufagia njia na mbele ya madarasa tu. Kwingine tukaacha majani yaliyodondoka, tukapandikiza ukoka tuliong'oa kando ya korongo, tukachimba makinga maji kukata mteremko. Wazazi wengine walilalamika shule imegeuka pori. Baada ya misimu miwili ukoka ulishika na ile kona haikuliwa tena.

Kwa hiyo nyie, tembeeni na mkandarasi kabla ya kazi. Kila mti wa kubaki uzungushieni uzio wa fito, uzio ukae nje ya kivuli, si kwenye shina. Ndani yake pasiwekwe mchanga, kokoto wala tofali. Jambo hili liandikwe kwenye mkataba. La mdomo dereva wa greda hatalisikia. Njia ya maji ya asili msiifukie, maji yatarudi palepale na kupita darasani. Mwamba uliojitokeza uacheni, watoto watakaa.

Hofu ya nyoka ni ya kweli. Vichaka vilivyo karibu na vyoo na madarasa fyekeni, kichuguu kilicho jirani na msingi kiondoeni, matawi makavu juu ya njia yakatwe. Ila vichaka vya ukingoni mwa korongo ndivyo vinavyoshika udongo, hivyo msiviguse.

Ule mbuyu wetu bado upo. Darasa la kwanza wanasomea chini yake jua likiwa kali, na Juni wanaokota mabuyu.

Niambie eneo lenu linateremkia upande gani, nikueleze makinga maji yakae wapi.