Kadibodi ya milimita 2 kwenye CNC ndogo: kisu kisizunguke

Mkuu, futa hiyo oda kabla haijatumwa. Biti ya 3.175 mm ya kuvuta taka juu, yaani kile kisu kinachozungushwa na mota ya CNC (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta), si ya kukatia kadibodi ya kijivu ya milimita 2, hata muuzaji aape mpaka mate yamkauke. Umeuliza kifaa, programu ya kuchorea na gundi ya maboksi ya zawadi. Hapa najibu la kifaa tu, maana hapo ndipo pesa inapoteketea.

Kadibodi ni nyuzi zilizobanwa tabaka kwa tabaka. Haimeguki vipande vipande kama plastiki, inachanika. Biti ya kuvuta juu inanyanyua tabaka la juu, ukingo unaota manyoya, na karatasi nzima inapigapiga mezani kama bati lililolegea. Ukipunguza mwendo, biti inasugua badala ya kukata: ukingo unageuka kahawia na harufu ya kuungua inajaa chumba. Vumbi linaingia kwenye beringi na mota, na linashika moto. Tuseme umepona hayo yote. Bado biti hiyo haikati pembe kali ya ndani, inaacha mviringo wa nusu kipenyo cha karibu 1.6 mm, kwa hiyo ndimi za boksi hazitaingia kwenye matundu yake. Utabaki na msasa unasugua karatasi. Msiniulize nimejuaje.

Wale wa video za "biti moja inakata kila kitu" wanakuonyesha sekunde tano za biti ikizunguka, halafu ghafla boksi limekamilika. Katikati wamekata msasa na matusi. Biti ya kusukuma taka chini inapunguza manyoya, sikatai, ila vumbi na pembe za mviringo viko palepale.

Kanuni ni moja: kisu kisizunguke. Nunua kisu cha kuburuta, kile ambacho bledi yake inageuka yenyewe kufuata mstari inapoburutwa, chenye beringi ndani na bledi ya mtindo wa Roland yenye makali ya nyuzi 60 (digrii 60). Usichukue ya 45. Kwa bledi ya kipenyo cha 2 mm, makali ya nyuzi 45 yanaishia kwenye kimo cha karibu 1.25 mm, halafu shina la bledi linaanza kusukuma kadibodi. Ya 60 inafika karibu 2.2 mm.

Ng'oa mota, ufunge kisu kwenye kishikizo chake. Ukiiacha, chomoa waya wake na ufute mistari yote ya M3 (amri ya kuwasha mota) kwenye faili, la sivyo ikiwaka tu utaokota kisu sakafuni. Shuka 0.4 mm kwa kila mpito, mipito mitano, kisha wa mwisho 0.1 mm ndani ya mkeka wa kukatia. Mwendo 500 mm kwa dakika unatosha. Ukilazimisha 2 mm kwa mpito mmoja, mhimili wa Z (unaopandisha na kushusha kisu) unanyanyuka au ncha inakatika.

Ncha ya bledi iko nyuma ya kitovu cha shina lake, mara nyingi 0.25 mm; soma pakiti na ujaze kipimo hicho kwenye programu. Kwenye pembe, amuru kisu kinyanyuke hadi ncha ibaki 0.2 mm tu ndani ya kadibodi kabla ya kugeuka, kwa sababu kikigeukia chini kabisa kinang'oa kona nzima.

Kwa kadibodi ya milimita 3 bledi hii haifiki. Acha mashine ichore mfereji wa milimita 1.5, umalizie kwa kisu cha mkono na rula ya chuma.