Mkono wa Chuma Si Pedali: Maswali Yenu Kuhusu Tremolo

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mpiga gitaa la solo wa hapa Morogoro. Jumapili napiga kanisani, na Jumamosi huitwa na bendi ya dansi kwenye sherehe za harusi. Kwa muda mrefu nimekuwa nikitamani ile sauti ya gitaa inayopumua, inayojaa na kupwa kama maji ya ufukweni, na nimeambiwa kwamba hutokana na pedali ya tremolo, kisanduku cha kukanyaga kwa mguu. Nilipokwenda dukani kuulizia, muuzaji alinicheka, akanionyesha mkono wa chuma ulioko kwenye gitaa langu na kusema kuwa tremolo ninayo tayari. Je, alinidanganya? Na kama kweli nahitaji pedali, nichague ipi, maana fedha yangu inatosha kununua moja tu? — Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu yangu, muuzaji huyo hakukusudia kukudanganya, amerithi mkanganyiko ulioanzia kiwandani. Mwaka 1954, kampuni ya Fender ya Marekani ilipotoa gitaa la Stratocaster, ule mkono wa chuma iliuita tremolo, ilhali kazi yake ni kulegeza na kukaza nyuzi ili noti ishuke na kupanda, jambo ambalo wanamuziki hulifahamu kwa jina la vibrato. Baadaye kampuni hiyohiyo ikauza amplifaya zenye upande ulioandikwa Vibrato, na nyingi kati ya hizo ndani yake zilikuwa na tremolo. Majina hayo mawili yakawa yamevaliana nguo, na hadi leo watu wanayachanganya madukani.

Vibrato hugeuza noti. Tremolo haiigusi noti, bali hupandisha na kushusha ukubwa wa sauti kwa mwendo wa kujirudia. Ukitaka kuhakikisha hayo kabla hujatoa hata shilingi, piga kodi ya Sol (yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, si kodi ile ya TRA), iache ilie, kisha kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia zungusha nobu ya sauti ya gitaa mbele na nyuma, taratibu, bila kuifunga kabisa. Hicho ulichokisikia ndicho pedali inachokifanya, ila yenyewe haichoki na haikosei hesabu.

Sauti unayoitamani ina umri mkubwa. Katika miaka ya 1940 kampuni ya DeArmond iliuza kisanduku ambacho ndani yake mota ndogo ilitikisa chombo chenye maji yanayopitisha umeme, na kila maji yalipogusa ncha ya chuma yalivujisha sehemu ya sauti ya gitaa. Mpiga gitaa wa Marekani Bo Diddley alikitumia kisanduku hicho kikawa sehemu ya upigaji wake. Lakini kwa kuwa wewe ni mtu wa kanisani, ningependa umsikilize zaidi Pops Staples, baba aliyepiga gitaa katika kundi la injili la familia yake, The Staple Singers. Gitaa lake lina tremolo tele, na bado halifuniki sauti za watoto wake wanaoimba, kwa sababu anapiga noti chache na kuziacha zipumue. Tremolo inamfaa mpigaji mwenye subira. Ukiipigia solo ya rumba yenye noti nyingi za haraka, nusu ya noti zako zitaangukia bondeni, pale sauti inaposhuka, na hakuna atakayezisikia.

Sasa tuje kwenye uchaguzi. Watu wengi huanza kwa kuuliza kampuni, mimi ningeanza kwa kuuliza umbo la wimbi. Sauti inaweza kupanda na kushuka kwa mviringo laini, inaweza kupanda polepole na kushuka ghafla, na inaweza pia kukatwa kama swichi ya taa, yaani ipo au haipo. Aina ya kwanza hutuliza, ya mwisho hushtua. Siku ya kwanza nilipopeleka pedali yangu kanisani, niliiweka kwenye wimbi la kukata na kina (yaani kiasi ambacho sauti hushuka) cha mwisho kabisa, kisha nikaanza utangulizi wa tenzi. Kabla sijamaliza mstari wa kwanza, fundi mitambo alikuwa amepiga magoti mbele yangu na waya mpya mkononi, akiamini kwamba wa kwangu umekatika. Tangu siku hiyo kina cha pedali yangu hakipiti nusu wakati waumini wanaimba.

Zipo pedali zinazotumia mwanga, ambapo taa ndogo huwaka na kufifia mbele ya kipande kinachobadilisha ukinzani wake kwa mwanga, kama zilivyofanya amplifaya nyingi za Fender za katikati ya miaka ya 1960. Kipande hicho huchelewa kidogo kurudi katika hali yake baada ya taa kuzima, kwa hiyo wimbi lake halilingani pande zote mbili, na kwa sikio langu huko kutolingana ndiko kunakoifanya sauti ionekane ina uhai. Zipo pia zinazoiga amplifaya ambazo tremolo yake ilitikisa valvu za mwisho zenyewe, yaani zile taa za kioo zinazokuza sauti kabla ya kufika kwenye spika. Hizo ni laini na nene zaidi. Aina ya tatu, iliyopatikana katika amplifaya chache za mwanzoni mwa miaka ya 1960, huigawa sauti mafungu mawili, ya juu na ya chini, na kuyapokezanisha: besi inapopanda, sauti nyembamba inashuka. Hiyo hukaribia kukupa hisia ya kuzunguka, na ni tamu sana, lakini kwa pedali ya kwanza nadhani ni anasa.

Jambo la pili, ambalo wauzaji hawalitaji, ni kwamba tremolo hupunguza sauti. Fikiri kidogo: ikiwa sauti inashuka hadi sifuri na kurudi ilikotoka kwa wimbi la mviringo, wastani wake ni nusu ya ile uliyokuwa nayo. Ndiyo maana wengi hukanyaga pedali na kujikuta wamemezwa na kinanda. Tafuta pedali yenye nobu yake ya kuongeza sauti ili uweze kufidia pengo hilo. Voodoo Lab Tremolo, inayotumia taa, inayo nobu hiyo pamoja na ya kasi, ya kina na ya umbo la wimbi, na ningekuwa na fedha ya pedali moja ningeanza kuisaka hiyo, hata kama ni mtumba. TR-2 ya Boss, iliyoanza kuuzwa mwaka 1997, ina mwili wa chuma wa kuaminika na nobu tatu za kasi, umbo na kina, ila nobu ya sauti haina. Ukiinunua, ijaribu pamoja na bendi, kwa sababu chumbani peke yako hutalisikia pengo. UT300 ya Behringer ina nobu zilezile tatu kwa bei ya chini sana, lakini mwili wake ni wa plastiki, nami nisingependa kuikanyaga kwa viatu vya harusi kila Jumamosi. Aliye na uwezo zaidi na anayehitaji mwangwi pia anaweza kuitazama Flint ya Strymon, ambayo imekusanya aina zote tatu za tremolo nilizozieleza na kuziunganisha na mwangwi katika kisanduku kimoja.

Kuhusu kasi, usihangaike na namba kubwa, kwa kuwa utaishi zaidi kati ya mawimbi 2 na 6 kwa sekunde. Hesabu yake ni nyepesi. Wimbo wenye mapigo 90 kwa dakika una pigo moja na nusu kwa sekunde. Ukitaka mawimbi mawili ndani ya kila pigo, unahitaji mawimbi 3 kwa sekunde. Baadhi ya pedali zina kitufe cha pili cha kugongea mapigo kwa mguu ili kasi ijipange yenyewe, na kitu hicho kina faida kubwa kwa bendi zinazopiga kwa kufuata mlio wa kuhesabu mapigo masikioni. Bendi yako ya harusi haiko hivyo. Mpiga ngoma huongeza mwendo kadiri ukumbi unavyochangamka baada ya chakula. Katika hali hiyo ni afadhali wimbi la mviringo lenye kina cha wastani, ambalo hata likitoka kidogo nje ya mapigo hakuna anayetambua, kuliko wimbi la kukata, ambalo kila kosa lake husikika hadi jikoni.

Ukifika dukani, nenda na gitaa lako mwenyewe. Weka nobu zote katikati, piga kodi moja, ikanyage na kuiachia mara kadhaa huku ukisikiliza kama sauti inapungua. Kisha ishushe kasi hadi mwisho wa chini, maana baadhi ya pedali hata mwisho wao wa chini bado ni wa haraka mno kwa tenzi. Nobu ikikwaruza inapozungushwa, punguza bei au ondoka.

Usisahau umeme. Pedali nyingi hutumia volti 9 za mkondo mnyoofu, na hasi huwa katikati ya kijiti cha adapta. Adapta ya kinanda yenye chanya katikati inaweza kuiua pedali papo hapo. Ukiletewa na ndugu kutoka Marekani, soma maandishi ya adapta, kwa kuwa iliyotengenezwa kwa volti 120 pekee haitaustahimili umeme wetu wa volti 230. Kwa kuwa umeme wenyewe hukatika, pedali inayokubali betri ya volti 9 ina heshima yake, na TR-2 ni mojawapo. Flint haina nafasi ya betri na inataka angalau miliampia 250. Chomoa waya wa gitaa ukimaliza kupiga, kwa sababu waya ukibaki umechomekwa betri huendelea kuliwa usiku kucha.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninayo pedali ya tremolo na pedali ya distosheni, ile ya kuifanya sauti iwe kali na ya kukwaruza. Nyumbani tremolo inasikika vizuri, lakini nikichomeka moja kwa moja kwenye mikseta ya ukumbi, mawimbi yake karibu yapotee kabisa. Je, pedali imeharibika? — Msomaji, Mombasa.

JIBU: Pedali yako ni nzima. Nina shaka na vitu viwili. Kwanza tazama mpangilio: ikiwa tremolo inatangulia distosheni, distosheni hiyo hubana kilele cha kila wimbi na kuinua bonde lake, hivyo badala ya sauti kupanda na kushuka utasikia ukali tu ukiongezeka na kupungua. Kuna wanaoupenda ukali huo unaopumua, na si kosa. Lakini ukitaka mawimbi yaliyo wazi, tanguliza distosheni na uifuatishe tremolo, kisha mwangwi uwe wa mwisho, ili mkia wake uendelee kutandazika hata tremolo inaposhuka bondeni.

La pili ndilo ninalolishuku zaidi, kwa kuwa nyumbani mpangilio ulikuwa uleule na mambo yalikwenda sawa. Mikseta nyingi za siku hizi zina kibano cha sauti katika kila njia, na mafundi hukiwasha kwa gitaa bila kuuliza. Kazi ya kibano ni kushusha sauti inapopanda ili kila kitu kilingane, yaani hufanya kinyume kabisa na kile ulichokinunulia pedali. Mwombe fundi kwa upole akizime katika njia yako peke yake, naye asiposadiki, mwache asikilize kwa spika za masikioni huku akikizima na kukiwasha. Na ikiwa pedali yako ni ya stereo, ile ya kurusha sauti kulia na kushoto, fahamu kwamba katika ukumbi ambao spika zote hupokea njia moja, utumie tundu moja tu la kutokea. Ukiunganisha yote mawili, upande mmoja utapanda wakati mwingine unashuka, na jumla yake itakuwa sauti iliyotulia kama maji ya mtungini.

SWALI: Nimenunua pedali ya tremolo ya mtumba. Hata nisipopiga kitu, spika inatoa mlio wa tik, tik, tik unaofuata kasi niliyoiweka. Nirudishe? — Msomaji, Kampala.

JIBU: Usirudishe kwanza. Ndani ya pedali kuna saketi inayotengeneza wimbi, na kila inapogeuka huvuta umeme kwa mshtuko mdogo. Mshtuko huo ukipata njia ya kuingia kwenye sauti ndio huo mlio. Chomoa adapta, weka betri mpya, washa tena. Mlio ukitoweka, kasoro iko kwenye adapta au kwenye kugawana adapta moja na pedali nyingine, na dawa yake ni kuipa tremolo umeme wake peke yake. Mlio ukibaki hata kwa betri, peleka umbo la wimbi upande wa laini uone kama utapungua, kwa sababu wimbi la kukata ndilo lenye mshtuko mkubwa. Ukiwa bado unausikia waziwazi wakati gitaa linalia, hapo irudishe, na uende na betri yako mfukoni ili umwonyeshe muuzaji palepale kaunta.