Ukimpeleka mgeni Hallstatt, muonyeshe kwanza pasipo na nafasi

Kundi langu la mwisho la msimu limeondoka Jumapili kutoka Hallstatt, kijiji cha Austria kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Kabla treni yao haijafika Attnang-Puchheim, mratibu wao alikuwa ameshaniandikia: mwakani wanarudi, watakuwa wengi zaidi, na hawataki mwongozaji mwingine. Ujumbe ule nimeusoma mara nyingi mno. Walikuwa familia za Dar, shemeji zao wa Mombasa na vijana wa diaspora ambao Kiswahili chao kina lafudhi ya Munich, watu wasioweza kukubaliana hata juu ya chai iwe na tangawizi au isiwe nayo. Wote waliondoka wameridhika.

Tangu nibandike picha zao, mnaniandikia swali lile lile: nami nianzeje kutembeza watu Ulaya kwa Kiswahili, nilipwe? Anayesoma hapa najua anaitaka kazi hii, kwa hiyo sina haja ya kumshawishi kwamba ni nzuri.

Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka kwa kampuni moja ya utalii mpango wa safari ya vijiji vya Ziwa Hallstatt, nikiwa nimeuandika ukurasa kwa ukurasa. Jibu lilikuwa fupi. Walisema wateja wa Afrika Mashariki wanataka theluji na picha, na kwamba historia ya kijiji chenye wakazi wasiofika 800 itawachosha. Mpango wenyewe hawakuusoma, maana walinijibu kabla ya saa ya chakula cha mchana. Barua pepe ile bado ninayo. Wengine huniambia niifute nisonge mbele, nami huwajibu kwamba nimesonga mbele nikiwa nayo.

Habari za kozi na makaratasi nitaziruka. Mjue tu kwamba Austria kumtembeza mgeni kwa malipo ni kazi ya leseni, na leseni ina mtihani. Anayekwambia unaweza kuanza na bendera ndogo mkononi na kipaza sauti hakutakii mema. Soma, fanya mtihani, kisha rudi tuzungumze kuhusu Hallstatt.

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba ufike kwa boti. Reli ya Salzkammergut, eneo hili la milima na maziwa, ilifunguliwa mwaka 1877, na mafundi walipofika hapa waliipitisha ng'ambo ya mashariki ya ziwa kwa sababu upande wa kijiji hapakuwa na mahali pa kuilaza. Mpaka leo unashuka kwenye kituo kidogo chini ya msitu, unateremka gatini, na kijiji unakiona ng'ambo ya maji. Ratiba ya boti imefungamana na ya treni. Kuvuka ni dakika kama kumi, nami dakika hizo sisemi neno. Mgeni aangalie mwenyewe: mlima unashuka wima hadi majini, na nyumba zimepandana kama viti vya uwanja wa mpira. Ziwa lina kina cha mita 125. Bonde lake lilichimbwa na barafu, na barafu haikuacha ufuo. Sehemu ya zamani ya kijiji imekaa juu ya mawe na udongo ulioshushwa na kijito cha Mühlbach, ambacho kinaanguka mpaka leo katikati ya nyumba. Mahali pa tambarare ni Lahn, upande wa kusini, palipojazwa na kijito kingine kitokacho bonde la Echern. Huko ndiko mabasi yanakoegesha, na ndiko wenzetu wengi wanakowashushia wageni. Mgeni aliyeshushwa Lahn ameingia kwa mlango wa nyuma, na hatajua kamwe kwa nini kijiji kina umbo lile.

Barabara ya pwani ya magharibi ilikuja karibu na mwaka 1890, tena kwa kulipua mwamba. Kabla ya hapo ulikuja kwa boti au kwa njia nyembamba za mlimani. Hilo mgeni aliyepita majini analielewa bila kuelezwa.

Tuliposhuka nikawapeleka moja kwa moja juu kwenye kanisa Katoliki, lililosimama juu ya mapaa. Ua wake wa makaburi ni mdogo, maua kila mahali. Nyuma yake, chini ya kanisa dogo la Mtakatifu Mikaeli, ipo nyumba ya mifupa. Mama mmoja wa Mombasa alisimama mlangoni, akavuta mtandio wake, akagoma kuingia.

"Mwanangu, hawa hawana ardhi ya kuzikana?"

"Hawana, mama. Ndiyo hii unayoiona."

Nikamweleza pale pale mlangoni. Ua haukutosha, kwa hiyo baada ya miaka kumi na kitu kaburi lilifunguliwa ili mwingine apate nafasi. Mafuvu yalianikwa juani na kwenye mbalamwezi mpaka yakawa meupe, kisha yakachorwa jina, mwaka na maua au majani. Desturi ya kuyachora inarudi nyuma hadi karne ya 18. Yapo zaidi ya 1,200, na 610 kati yake yamechorwa. La mwisho liliwekwa mwaka 1995, ni la mwanamke aliyefariki mwaka 1983, naye aliomba mwenyewe. Mama akasema basi walau wamewaandika majina. Hakuingia, na sikumlazimisha. Lakini kuanzia hapo nilikuwa na kundi zima mkononi, kwa sababu swali lake ndilo la jiografia yote ya mahali pale: watu wanaokosa hata pa kuzikana wamebaki hapa miaka elfu saba kwa ajili ya nini?

Wamebakishwa na chumvi. Zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita palikuwa na bahari ya joto iliyokauka, chumvi ikabaki, kisha milima ilipoinuka ikabebwa pamoja nayo. Mgodi uko katika bonde la juu, mita 350 hivi juu ya ziwa. Sururu ya pembe ya kulungu iliyopatikana huko inakadiriwa kuwa ya miaka 5,000 kabla ya Kristo. Chumvi haiozeshi, na mlima wenyewe hujifunga polepole juu ya mahandaki yaliyoachwa, kwa hiyo vitu vya mbao, ngozi na nguo vilivyooza kwingineko kote hapa vimebaki. Mwaka 2003 ilionekana ngazi ya mbao ambayo miti yake ilikatwa mwaka 1344 na 1343 kabla ya Kristo. Mwaka 1734 wachimbaji walikuta mwili wa mwenzao wa kale umebanwa ndani ya chumvi, wakamtoa na kumzika.

Vijana wa Munich waliamka nilipofika kwenye kinyesi. Ndiyo, kinyesi cha wachimbaji nacho kilihifadhiwa. Utafiti uliotoka mwaka 2021 ulikuta, kwenye sampuli ya miaka 2,700 hivi, kuvu wa jibini la buluu na hamira ya bia. Mmoja akauliza kama kazini walikuwa wanakunywa. Wazee wakacheka, na kwa muda fulani hakuna aliyeshika simu. Yule aliyeniandikia kwamba watu wetu watachoka na historia ningependa angekuwa pale.

Halafu makaburi ya juu. Mwaka 1846 msimamizi wa mgodi, Johann Georg Ramsauer, alianza kuchimba makaburi ya kale katika bonde lile. Alipomaliza mwaka 1863 alikuwa amefikisha makaburi 980, na akahakikisha yanachorwa kwa rangi za maji, mifupa na vitu vyake kama vilivyolala. Hakuwa msomi wa mambo ya kale. Lakini Ulaya nzima leo inaita zama zake za kwanza za chuma, takriban 800 hadi 450 kabla ya Kristo, kwa jina la kijiji hiki. Katika vitu vya makaburini kuna upanga wenye mpini wa pembe ya ndovu uliopambwa kwa kaharabu. Kaharabu ilitoka pwani ya Baltiki. Pembe je? Kundi langu lilibishana juu ya hilo mpaka chakula cha jioni, nami niliwaacha wabishane. Ukishajua bei ya chumvi zamani, njia ndefu hazikushangazi. Mimi nimekulia Kigoma nikiona chumvi ya Uvinza ikishuka kutoka kwenye treni, na wazee wetu waliivusha Ziwa Tanganyika kwenda mbali kuliko wengi wanavyodhani. Labda ndiyo maana niliielewa Hallstatt mapema kuliko waliozaliwa Salzburg. Najisifu kidogo, nimeruhusiwa wiki hii.

Utawala nao uliifuata chumvi. Mtawala wa Austria, Albrecht wa Kwanza, alijenga mnara wa Rudolfsturm mwaka 1284 juu ya bonde kuulinda mgodi dhidi ya askofu mkuu wa Salzburg, mwenye chumvi yake mwenyewe huko Hallein. Mjane wake Elisabeth akakipa kijiji haki ya soko mwaka 1311. Kuchemsha maji ya chumvi kulimeza misitu mpaka ikabidi maji yenyewe yasafirishwe: kati ya mwaka 1595 na 1607 walilaza bomba la kilomita 40 hadi Ebensee, kwa magogo 13,000 yaliyotobolewa katikati. Njia ya bomba hilo leo ni njia ya miguu, na mimi huwapitisha wageni kipande chake hata wakinung'unika kuhusu viatu. Mwaka 1750 moto uliunguza kitovu cha kijiji. Uwanja wanaoupiga picha ni wa baada ya hapo.

Kanisa lenye mnara mwembamba kando ya maji, lile la kwenye kila kalenda, ni la Waprotestanti, na ni la mwaka 1863 tu. Wachimbaji wengi walishika imani hiyo kwa siri. Katika miaka ya 1730 mfalme Karl wa Sita aliwahamisha kwa nguvu watu wa Salzkammergut mpaka Transilvania. Likasimama kanisa hapo baada ya sheria ya mwaka 1861 iliyowapa Waprotestanti haki. Ukilipiga picha bila kulijua hilo umepiga picha ya mnara.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu wa kazi. Wanakuja kwa basi, watu wanashuka, selfi, aiskrimu, wanapanda. Siku za kilele kijiji hiki kimewahi kupokea watu hadi 10,000 kwa siku. Tangu mwaka 2020 mabasi yanaweka nafasi kabla. Mwaka 2023 wenyeji waliziba kwa mbao mahali pa selfi, wakaziondoa baada ya kelele za mitandaoni, na Agosti mwaka huo huo wakaandamana. Mimi siwalaumu. Wachina walijenga nakala ya Hallstatt huko Huizhou, ikafunguliwa mwaka 2012, kanisa na uwanja vyote vipo, lakini mlima wa chumvi hawakuujenga. Kama unachompa mgeni ni picha ya mnara, mpeleke Huizhou, utakuwa umempunguzia msongamano.

Nasema hivi kwa ukali kwa sababu naona vijana wetu wanaiga yale yale. Mnanunua kamera kabla ya kusoma. Mnanitumia video ya dakika moja ya maziwa matatu na muziki juu, mnaniuliza kwa nini hakuna anayelipa. Mtu atoke Mbagala, aweke akiba, aombe viza, akataliwe, aombe tena, afike hapa umwambie "pazuri, sivyo?" Kwa macho yake anaona kwamba ni pazuri! Alichokuja kununua kwako ni sababu. Soma. Lala kijijini au ng'ambo, watu wa basi waondoke jioni, upite asubuhi kabla hawajarudi. Fika kwa boti. Panda bonde la juu kwa miguu japo mara moja, ujue wanawake na watoto waliobeba mizigo zamani walibeba juu ya mteremko gani. Mifupa ya makaburini inaonyesha walibeba. Na fika kwa boti, nimeshasema.

Msiishie Hallstatt. Obertraun, kusini mashariki, ina nafasi, vitanda vya bei nafuu kidogo, kituo chake cha treni, na gari la kamba la kupanda Krippenstein, ambako unaliona ziwa lote chini na mlima Dachstein wa mita 2,995 nyuma yako. Steeg, kaskazini, ndipo mto Traun unapotokea ziwani; hapana watu, na kwa mtu anayetaka kuelewa ukubwa wa bonde ni pazuri kupita Hallstatt yenyewe. Majira ya baridi jua hujificha nyuma ya milima kwa wiki nzima nzima, kwa hiyo wenye kupenda picha tu wasije Desemba.

Mwakani napeleka watu kwenye maandamano ya sikukuu ya Mwili wa Kristo, ambayo hapa hufanyika ziwani, kwa boti, tangu mwaka 1623. Huangukia Alhamisi, siku 60 baada ya Pasaka, na vyumba vya Hallstatt huisha mapema sana, kwa hiyo nitawalaza Obertraun. Waislamu wa kundi la safari hii wameshajiandikisha kuja kutazama, hata yule mama wa Mombasa. Anayetaka aniandikie kabla ya Januari, na anayeogopa maji aniambie sasa, si siku ile tukiwa gatini.