Chura wangu hataki dawa, nifanyeje?

SWALI: Habari dokta, chura wangu kaandikiwa antibayotiki ya matone, ila nikimgusa tu mdomo anaufumba kabisa na kurukaruka mpaka namwonea huruma. Nimlazimishe au niache?

JIBU: Pole sana, ila usikatishe dozi hata ukiona kachangamka. Kabla hujapambana na huo mdomo, mpigie daktari wa wanyama aliyekuandikia umuulize kama dawa hiyo inaweza kudondoshewa mgongoni, maana ngozi ya chura inanyonya maji na inanyonya dawa pia, na ziko dawa anazopewa hivyo hivyo bila kusumbuliwa mdomo. Usijiamulie mwenyewe lakini! Dozi yake inapigiwa hesabu kwa gramu za uzito wake, tone moja la ziada kwa kiumbe mdogo vile ni kubwa mno.

Daktari akisema lazima dawa imezwe na chura bado anakula, muulize kama unaweza kuitia ndani ya mdudu anayempenda. Ikishindikana, vaa glavu zisizo na unga, zisuuze kwa maji yasiyo na klorini, mshike vizuri pamoja na miguu ya nyuma, halafu pitisha kipande chembamba cha plastiki laini pembeni ya mdomo ili ufunguke, taratibu sana, taya lake linaumia upesi. Mara ya kwanza mwombe daktari akuonyeshe. Dawa ikiingia mrudishe chura mahali anapoishi apumzike.

Na tafadhali, krimu za binadamu zenye dawa ya ganzi usimpake kabisa, zinaweza kumuua.